Asidi ya hialuroniki kwa ngozi na nywele zetu: kazi yake ni kushika maji

Siku hizi ni vigumu kuingia katika duka la vipodozi Kariakoo, au hata katika duka la dawa hapa Dodoma ninapoishi, bila kukuta chupa ndogo ya seramu, yaani kipodozi chepesi cha majimaji, yenye kifuniko cha kudondoshea, iliyoandikwa kwamba ndani yake mna asidi ya hialuroniki. Wauzaji huisifia kwa mambo mengi: inalainisha ngozi, inaondoa makunyanzi, inafuta mabaka, inang'arisha uso, inakuza nywele. Katika orodha hiyo, jambo la kwanza ni kweli kabisa, la pili ni kweli kwa sehemu, na yaliyobaki hayana msingi. Ninaandika kwa sababu ninaithamini seramu hii na ninaitumia, na kwa sababu inaniuma kuona kina mama na kina dada wakitoa fedha nyingi kwa ahadi ambazo kiambato hiki hakiwezi kuzitimiza, huku wakiikosa hata ile faida yake ya hakika kwa kuwa hakuna aliyewaeleza namna ya kuipaka.

Asidi ya hialuroniki si kitu kigeni mwilini. Ni mnyororo mrefu wa sukari za aina mbili zinazofuatana kwa zamu, na mwili wenyewe huutengeneza kila siku. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 ana takribani gramu 15 za asidi hii. Karibu nusu yake imo katika ngozi, na iliyobaki imo katika maungio, macho na sehemu nyingine za mwili. Kiasi cha theluthi moja huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku, kwa hiyo hii si akiba inayokaa tu mahali pamoja. Katika ngozi hujaza nafasi zilizo kati ya seli na nyuzi za kolajeni, ikishika maji na kuifanya ngozi inyumbuke na kurudi mahali pake inapobonyezwa. Kadiri umri unavyosonga, na hasa pale ngozi inapopigwa na jua kwa miaka mingi, mpango huo hudhoofika, na wanawake wengi huona ngozi ikikauka zaidi baada ya kukoma hedhi.

Waliotangulia kuitambua walikuwa Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambao mwaka 1934 waliitenga kutoka katika ute wa jicho la ng'ombe. Baadaye Endre Balazs, mtafiti mzaliwa wa Hungaria, alibuni njia ya kuipata ikiwa safi kabisa kutoka katika undu, yaani kile kinyama chekundu kilicho juu ya kichwa cha jogoo, na kuanzia mwaka 1980 bidhaa iliyotokana na kazi yake ilitumiwa na madaktari katika upasuaji wa macho. Mpaka leo hospitali zinaitumia: imo katika baadhi ya matone ya macho makavu, na wako madaktari wanaoichoma katika magoti yaliyosagika. Asidi inayotiwa katika vipodozi vya sasa, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari ndani ya matangi ya kiwandani, na China, hususan jimbo la Shandong, ndiko inakozalishwa kwa wingi mno. Ninalitaja hili kwa sababu nimeulizwa mara kadhaa na ndugu zangu Waislamu, na pia na wasiotumia bidhaa za wanyama. Jibu ni kwamba seramu nyingi za sokoni hazitokani na mnyama, lakini mwenye shaka amwandikie mtengenezaji, maana lebo pekee mara nyingi haisemi.

Wako pia wanaoliogopa jina lake. Asidi zinazobabua ngozi, kama zile zitokanazo na miwa au maziwa, hulegeza seli zilizokufa ili zibanduke. Hii haifanyi kazi hiyo. Haichomi, haichubui, na mtu mwenye ngozi nyepesi kudhurika kwa kawaida huivumilia vizuri, ingawa bado ni busara kuijaribu kwanza nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono, kwa kuwa chupa ile ina manukato na vihifadhi ambavyo ndivyo mara nyingi huleta mwasho.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hulikwepa, nalo ni ukubwa wa molekuli. Wataalamu wa ngozi hutumia kipimo cha jumla kwamba kitu chenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupata shida kubwa kupenya tabaka la juu la ngozi iliyo nzima. Mnyororo wa asidi ya hialuroniki katika hali yake ya asili una uzito unaofikia daltoni milioni moja na zaidi. Maana yake ni kwamba unapoipaka usoni haishuki kwenda kujaza pengo la ile iliyopungua ndani. Inabaki juu, inatandaza utando mwembamba usioonekana, na utando huo hushika maji na kuyaweka karibu na seli za juu. Watengenezaji wengine huikata minyororo hiyo iwe mifupi ili ijipenyeze kidogo, na kwenye lebo utaiona ikiitwa Hydrolyzed Hyaluronic Acid, ilhali ile iliyo katika hali ya chumvi, ambayo ndiyo inayotumika sana, huandikwa Sodium Hyaluronate. Seramu nzuri mara nyingi huchanganya minyororo ya urefu tofauti. Hata hiyo mifupi ni mikubwa mara nyingi kuliko kipimo nilichokitaja, kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba kupaka ni sawa na kuchomwa sindano.

Hata kazi ya juu juu ina thamani, na kwa ngozi nyeusi thamani hiyo huonekana kwa macho. Ngozi yetu ikikosa maji hupauka: vigamba vidogo vya juu huinuka, mwanga hutawanyika badala ya kuakisiwa vizuri, na rangi inayopaswa kung'aa inageuka kijivu kwenye viwiko, magoti, vifundo vya vidole na pembeni mwa midomo. Tabaka hilo la juu likipata maji, vigamba hulala, na ngozi hurudisha rangi yake halisi siku ileile. Vilevile ile mistari myembamba chini ya macho, inayotokana na ukavu, hupungua kwa sababu ngozi imejaa maji, na hapo ndipo ule ukweli wa nusu kuhusu makunyanzi ulipo. Mikunjo mirefu ya paji la uso iliyochorwa na umri na jua haitafutwa na seramu ya maji, na anayeitaka kinga dhidi yake atafute kwanza krimu ya kukinga jua, ambayo ngozi nyeusi inaihitaji pia, hata kama haiungui upesi.

Je, maji yenyewe yatoke wapi? Hili ndilo swali ambalo ningetamani kila mnunuzi alijiulize. Asidi ya hialuroniki haizalishi maji. Inashika yale iliyoyakuta. Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, ambako hewa ni nzito kwa unyevunyevu karibu mwaka mzima, hewa yenyewe inasaidia, na mtu anaweza kuipaka hivi hivi asione tatizo. Dodoma wakati wa kipupwe ni habari nyingine. Upepo unavuma mkavu, midomo inapasuka, kanga iliyoanikwa inakauka kabla hujamaliza kufua nyingine. Ukiidondoshea seramu hiyo uso mkavu katika hali hii, mwanzoni unasikia ubaridi na ute unaoteleza kama wa bamia. Dakika chache baadaye utando unakauka, ngozi ya mashavu inavutwa, na ukicheka unahisi uso umebana. Maji machache yaliyokuwa katika ute ule yamepotea hewani, na hakukuwa na kitu cha kuyazuia. Ndugu zetu wanaoishi Muscat ndani ya viyoyozi, au London na Toronto wakati vyumba vinapashwa moto majira ya baridi, wanakutana na ukavu wa namna hiyohiyo.

Dawa yake ni utaratibu, na utaratibu wenyewe ni mwepesi. Nikishanawa uso kwa sabuni isiyo kali, sijifuti mpaka nikauke. Ninaupapasa kwa taulo mara moja tu ili maji yasitiririke lakini ngozi ibaki na umajimaji. Hapo hapo ninaweka matone mawili matatu kiganjani, ninayagusisha kwenye mashavu, paji la uso, kidevu na shingo, kisha ninayatandaza kwa viganja vyenye maji bila kusugua. Kabla utando haujakauka, yaani vidole vikiwa bado vinanata kidogo vikigusa shavu, ninafunika kwa losheni au mafuta. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayobeba yote. Usoni ninatumia losheni nyepesi mchana, halafu krimu ya kukinga jua juu yake. Usiku wa kipupwe ninatumia mafuta ya mgando kidogo sana, nikiyalainisha kwanza kati ya vidole. Kwa mwili, mafuta ya shea au ya nazi yanatosha. Mwenye chunusi ayaepuke mafuta ya nazi usoni, kwa sababu huwa yanaziba vitundu vya ngozi, achague losheni isiyo na mafuta mazito.

Wenye chunusi ndio kundi ambalo, kwa maoni yangu, linafaidika zaidi na seramu hii na halisemwi vya kutosha. Dawa nzuri za chunusi, kama benzoili peroksaidi, adapalini na tretinoini, hukausha ngozi na kuifanya ibanduke wiki za mwanzo, na wagonjwa wengi huziacha kwa sababu hiyo kabla hazijaanza kuleta nafuu. Seramu ya maji isiyo na mafuta, ikifuatiwa na losheni nyepesi, huwapa nguvu ya kuvumilia mpaka dawa ifanye kazi yake. Kwa mwenye pumu ya ngozi mambo ni tofauti kidogo: kwake mafuta ya mgando yapakwayo mara kwa mara baada ya kuoga ndiyo nguzo, na seramu ni nyongeza tu akiiweza.

Sitaacha kuisema gliserini. Shangazi yangu wa Tanga huchanganya gliserini kidogo na marashi ya waridi katika chupa moja, na kila akitoka kuoga, mwili ukiwa bado na majimaji, hujipaka kuanzia miguuni kwenda juu, kisha humalizia kwa mafuta ya nazi. Nilimpelekea chupa ya seramu. Akaidondoshea mgongoni mwa mkono, akaisugua kwa kidole, akanitazama akasema, "Mwanangu, hii si ndugu yake gliserini?" Kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Gliserini nayo inashika maji. Molekuli yake ina uzito wa daltoni 92 hivi, kwa hiyo inaingia katika tabaka la juu la ngozi kwa urahisi ambao minyororo ya hialuroniki haina, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya seramu. Kasoro yake ni kunata, hasa ikipakwa bila kuzimuliwa, na ndiyo maana watu wa mjini wanaopaka vipodozi vingine juu yake hupendelea seramu, ambayo ni nyepesi na haiachi uso ukimeta. Mtu asiye na fedha ya seramu hajakosa jambo kubwa. Atafute gliserini ya duka la dawa, aizimue kwa maji, aipake mwilini ukiwa na majimaji na aifunike kwa mafuta.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni seramu kuuzwa kwa ahadi ya weupe. Asidi ya hialuroniki haigusi melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake, kwa namna yoyote. Haing'arishi kwa maana ya kubadili rangi, wala haifuti mabaka meusi yanayoachwa na chunusi. Ngozi iliyopata maji huonekana ang'avu, basi. Kwa hiyo ukipaka bidhaa inayotajwa kuwa ya hialuroniki na ndani ya siku chache uso ukaanza kuwa mweupe, jua kwamba kimo kitu kingine ndani yake, na kitu hicho chaweza kuwa haidrokwinoni, zebaki au dawa kali ya steroidi, vilevile ambavyo tumevizoea katika mkorogo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania na Kenya, na kwa Tanzania Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia usajili wa vipodozi tangu mwaka 2019. Bidhaa ya namna hiyo ni ya kuachwa, na umwone daktari wa ngozi mara moja, hasa kama umeitumia kwa muda mrefu, kwa kuwa steroidi ikiachwa ghafla ngozi yaweza kulipuka vibaya na inahitaji mtu wa kukuongoza.

Sindano ni suala jingine kabisa, na linafika kwetu kwa kasi. Katika vijazio vya uso na midomo, minyororo ya hialuroniki hufungwa pamoja kwa kemikali iwe ute mzito usiovunjwa upesi, na matokeo yake huweza kudumu miezi sita hadi mwaka na zaidi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kijazio cha kwanza cha aina hii, Restylane, mwezi Desemba 2003. Ubora mmoja wa vijazio hivi ni kwamba kipo kimeng'enya, hialuronidezi, kinachoweza kuviyeyusha kama kazi imeharibika. Hatari yake ni kwamba ute ukiingia katika mshipa wa damu huuziba, na ngozi inayolishwa na mshipa ule hufa, au mtu hupofuka. Ndiyo sababu sindano hii ni ya daktari aliyesomea, mwenye kimeng'enya hicho mkononi, wala si ya saluni. Mwaka 2021 mamlaka hiyohiyo ya Marekani ilionya umma kuhusu vifaa vinavyoitwa kalamu, vinavyosukuma ute ngozini kwa mgandamizo bila sindano, ambavyo watu huviagiza mtandaoni na kujichoma nyumbani. Aliyechomwa akiona maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe au yenye madoa kama wavu, au macho kubadilika, asisubiri kesho. Aende hospitali saa hiyohiyo.

Nije kwenye nywele. Unywele uliochomoza nje ya ngozi hauna uhai. Ni nyuzi za keratini zilizozungukwa na magamba madogo yaliyolaliana. Hakuna kinachopakwa juu yake kinachoulisha. Hata hivyo unywele unaweza kuwa mkavu au laini, na hapo utando wa hialuroniki unafanya jambo la maana: unashika maji juu ya magamba, unapunguza msuguano, na kuchana kunakuwa rahisi. Nywele za kipilipili zinahitaji msaada huu kuliko nywele zilizonyooka, kwa sababu mafuta ya asili ya kichwani hayateremki vizuri kwenye unywele uliojikunja, na kila kona ya mkunjo ni mahali pepesi kukatika. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha au rangi, ambazo magamba yake yamefunguka, hupoteza maji haraka zaidi, nazo pia hunufaika.

Utaratibu ni uleule wa uso. Nywele zikishaoshwa na kupakwa kondishena, zikiwa bado zimelowana, zigawe mafungu, paka krimu au dawa ya kupuliza yenye kiambato hicho kuanzia katikati kwenda nchani, kwa kuwa ncha ndizo kongwe na ndizo kavu, kisha funga kwa mafuta kidogo na usuke mabutu au uvae kilemba cha hariri wakati wa kulala. Ukiwa pwani wakati wa masika, usizidishe: hewa yenye unyevunyevu mwingi itaendelea kuingiza maji ndani ya unywele, uvimbe, na nywele zilizonyooshwa kwa pasi zitarudi kujikunja kabla hujafika kazini. Kama umesuka rasta, dawa ya kupuliza iliyo nyepesi kwenye mistari ya ngozi ya kichwa itapunguza ukavu na mwasho utokanao nao. Mwasho wenye magamba ya mafuta ya njano ni mba, na mba inataka shampuu yenye ketokonazoli, si maji.

Kuhusu kukuza nywele, nitasema wazi kwa sababu wengi wanaoniuliza ni wasichana ambao nywele za pembezoni mwa paji la uso zimeshaanza kuisha. Seramu haioteshi nywele. Nywele hizo zinang'olewa na misuko inayobana, vibanio na wigi za gundi, na mzizi ukivutwa kwa miaka mingi hugeuka kovu lisiloota tena. Mwambie msusi alegeze, hasa mbele, na kama unasikia maumivu au unaona vipele kwenye mistari usiku ule uliosuka, fumua. Binti akiwahi, nywele nyingi hurudi zenyewe bila kununua chochote. Akichelewa, amwone daktari wa ngozi mapema, kabla hajamaliza fedha kwenye chupa.

Mwisho, ununuzi wenyewe. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, lakini usishtuke ukiikuta hialuroniki katikati au chini ya orodha, kwa sababu asilimia 1 tu ya minyororo mirefu inatosha kuyafanya maji kuwa ute mzito. Kwa sababu hiyohiyo, chupa iliyoandikwa asilimia 100 inazungumzia myeyusho, si unga wenyewe, na hupaswi kuilipia zaidi. Tazama kama kuna gliserini ndani, maana hizo mbili hufanya kazi vizuri pamoja, na kama manukato yako mbali mwishoni au hayapo kabisa. Angalia pia ule mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye 6M au 12M, unaoonyesha miezi ambayo bidhaa inafaa baada ya kufunguliwa. Usiiweke dirishani wala ndani ya gari juani. Minyororo ikikatika kwa joto au kwa vijidudu, ute hupoteza uzito wake. Kwa hiyo seramu iliyokuwa ikiteleza polepole kwenye kidole, ikianza kutiririka kama maji au kutoa harufu, usiipake tena usoni.